Kabla ya kufomati, tafuteni kirusi kilipoingilia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kompyuta ikiingiwa na virusi dawa yake ni kuifomati, yaani kufuta kila kitu na kusakinisha Windows upya, na kwamba anayetaka usalama akae mbali na tovuti za ngono na za filamu za wizi. Mimi ni fundi wa kompyuta na simu. Najua aliandika kwa nia njema, ila ushauri huo ndio unaowarudisha watu kwa fundi na tatizo lile lile.

Nianze na hizo tovuti chafu. Wengi wanaoniletea mashine hawakupita huko. Walikuwa wanasoma habari, wanatafuta fomu, wanageuza waraka uwe PDF au wanasaka draiva ya printa. Mwenye tovuti anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini tangazo lililo pembeni ya ukurasa wake hajawahi kuliona: limeletwa na wakala, naye wakala kalipokea kwa wakala mwingine. Septemba 2009 wasomaji wa tovuti ya New York Times walitokewa na onyo la uongo kwamba kompyuta zao zina virusi na wanunue antivairasi. Walioweka tangazo hilo walijifanya kampuni ya simu ya Vonage, wakaanza na matangazo ya kawaida, kisha wikiendi wakayabadilisha. Machi 2016 yakatokea makubwa zaidi, BBC na New York Times zikiwa miongoni mwa tovuti zilizoguswa. Safari hiyo matangazo yalichungulia kompyuta zenye programu zilizopitwa na wakati, yakapenyeza humo programu za kufunga mafaili na kudai fidia. Msomaji hakulazimika hata kubofya.

Siku hizi vivinjari vimeimarika, na Flash, programu ya kuchezesha video na michezo kwenye kivinjari iliyokuwa uchochoro wa wahalifu, iliachwa mwisho wa 2020. Kwa hiyo sasa wanamtumia mwenye kompyuta awafanyie kazi. Ukurasa unakutaka uthibitishe kuwa wewe si roboti, lakini badala ya kuchagua picha unaambiwa ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Kumbe ukurasa umeshanakili amri bila wewe kujua, na hapo umeibandika na kuiendesha kwa mkono wako. Lumma, programu inayoiba nywila, imeenezwa sana hivyo. Mei 2025, Microsoft iliposhirikiana na vyombo vya sheria vya nchi kadhaa kuivunja mitambo yake, ilisema imetambua kompyuta zaidi ya 394,000 zilizoambukizwa ndani ya miezi miwili. Tafadhali sana, wasomaji: hakuna tovuti halali inayohitaji vitufe hivyo ili ijue kuwa wewe ni binadamu.

Sasa kufomati. Nililetewa laptopu ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambayo fundi mwingine alikuwa ameshaifomati. Kila akitafuta kitu mtandaoni, majibu yalipitia kwanza ukurasa asioujua, ndipo yafike. Fundi yule alifanya kama wengi wafanyavyo: alihamishia mafaili yake kwenye flashi, akafuta kila kitu, akasakinisha upya, akarudisha mafaili. Mama akafungua kivinjari, akaingia kwenye akaunti yake, na akaunti ikamrudishia alamisho, nywila na viendelezi vyake vyote, yaani programu ndogo zinazopachikwa kwenye kivinjari. Kiendelezi kimoja kati ya hivyo ndicho kilichokuwa mwizi. Kilirudi chenyewe, bila kuvunja chochote, kwa sababu mwenye akaunti ndiye aliyekikubali tangu mwanzo. Na katika folda ya vitu alivyopakua, faili lililokileta lilikuwa limerudishwa salama salimini kutoka kwenye flashi. Kufomati bila kujua kirusi kilipoingilia ni kudeki sakafu huku bomba linaendelea kuvuja.

Kinachoniuma zaidi ni ushahidi unaopotea. Windows hubandika alama kwenye faili lililopakuliwa kutoka intaneti, na mara nyingi alama hiyo hubeba anwani lilikotoka na ukurasa uliokupeleka huko. Fundi anayejua kuisoma anaona njia nzima kwa dakika moja. Lakini alama hiyo hukaa kwenye diski iliyopangwa kwa NTFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili wa Windows. Ukilipitisha faili kwenye flashi yenye mifumo mingine, FAT32 au exFAT, kama zilivyo flashi nyingi, alama inabaki nyuma. Kwa huyu mama kilichoniokoa ni historia ya kivinjari iliyokuwa imehifadhiwa kwenye akaunti yake. Niliifuata nyuma hadi siku aliyotafuta programu ya kugeuza waraka, akabofya jibu la kwanza, ambalo lilikuwa tangazo la kulipiwa. Machi 2025 ofisi ya Denver ya FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ilitoa onyo kuhusu programu hizo hizo za bure za kugeuza mafaili. Nikakiondoa kiendelezi kwanza, nikafuta lile faili, na akaunti nayo ikasahau kiendelezi hicho kwenye vifaa vyake vyote. Sikuhitaji kufomati.

Utaratibu wenyewe hauhitaji uchawi. Kata intaneti kwanza. Angalia historia na orodha ya vipakuliwa vya siku tatizo lilipoanza. Kagua viendelezi kimoja kimoja; ukikuta kisichofutika na kivinjari kinadai kinasimamiwa na shirika wakati kompyuta ni yako binafsi, ujue kuna sera, yaani amri ya kukisimamia kivinjari, imepachikwa ndani ya Windows na hiyo ndiyo ya kung'olewa kwanza. Kisha tazama kinachowaka pamoja na mashine na kazi zilizopangiwa saa. Huko ndiko hujificha kile kinachofutwa asubuhi na kurudi jioni, na Autoruns, programu ya bure ya Microsoft, hukionyesha chote mahali pamoja. Faili usiloliamini lipeleke VirusTotal, tovuti inayolipima kwa antivairasi nyingi, mradi lisiwe na siri zako, maana wengine wanaweza kuliona. Malizia na ukaguzi wa Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, unaofanyika kabla Windows haijawaka.

Kwenye simu, mara nyingi hakuna kirusi kabisa: ni tovuti iliyoruhusiwa kutuma arifa. Ondoa ruhusa hiyo kwenye kivinjari, kelele zinakwisha.

Na kufomati kuna siku yake, sikatai. Aliyebandika amri ile ya roboti wa uongo, mimi mwenyewe nitamfomatia, baada ya kunakili ushahidi. Ila ajue nywila zake zimeshaondoka, pamoja na kuki zinazomruhusu mtu aingie kwenye akaunti bila kuulizwa nywila. Achukue kifaa kingine kilicho safi, abadilishe nywila, halafu aamuru akaunti zitoke kwenye vifaa vyote. Asipofanya hili la mwisho, mwizi anaweza kuendelea kukaa ndani hata nywila ikiwa mpya.

Ndugu Mhariri, nina ombi kwako pia, kwa kuwa gazeti hili nalo lina tovuti yenye matangazo ya mawakala. Wekeni chini ya kila ukurasa sehemu ambayo msomaji ataripoti tangazo lenye hila, aandike saa alipoliona na kupachika picha yake. Na mkigundua kwamba tangazo baya lilipita kwenu, tangazeni siku hiyo hiyo lilionekana kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Saa hizo ndizo sisi mafundi tunazozitafuta kwenye historia ya kivinjari.

Wako,
Fundi wa kompyuta, msomaji wenu wa siku nyingi