Namba ya programu ya simu bila maelezo ya kiti haitusaidii

Mhariri,

Siku hizi vijana wanawapima wazazi wao wazee nguvu za kuinuka na kutembea kwa programu za simu, kisha wanakuja kliniki na namba kana kwamba ni majibu ya maabara. Hatuzipingi programu hizo. Tunachoomba ni kwamba namba ije na maelezo ya jinsi ilivyopatikana.

Chukua kipimo cha kuinuka kitini. Mwongozo wa ICOPE wa Shirika la Afya Duniani, unaohusu huduma kwa wazee, unauliza kama mzee anaweza kuinuka mara 5 ndani ya sekunde 14 bila kutumia mikono. Kiti kiwe kigumu, kimo cha sentimita 43 hivi, kimeegemezwa ukutani. Sofa inayodidimia humwongezea mzee kazi, kitanda kirefu humpunguzia. Kiti cha plastiki kwenye sakafu ya vigae huteleza. Hicho kiacheni kabisa. Mzee akijisukuma kwa viganja juu ya mapaja, simu haijui. Itahesabu kuinuka kama kawaida, na hapo mtu dhaifu anaonekana mzima.

Tena kihisi kilicho ndani ya simu hupima mwendo wa simu yenyewe. Ikiwa imefungwa kwenye pindo la kanga au inaning'inia katika mfuko wa dera, itayumba kivyake na kuongeza hesabu. Ifungwe kwa mkanda imara kiunoni, kwa nyuma, isicheze. Simu nyingi za bei ya chini hazina jairoskopu, yaani kihisi cha mzunguko, kwa hiyo programu inayotegemea pembe ya kiwiliwili itabahatisha. Zimeni pia hali ya kuokoa chaji kabla ya kuanza.

Kwa kutembea, msitumie GPS sebuleni: kosa lake la mita kadhaa linatosha kumeza njia nzima. Pimeni mita 4 kwa futi ya fundi na muweke alama sakafuni. Wataalamu wa Ulaya, katika mwongozo wao wa 2019 kuhusu kudhoofika kwa misuli, walichukua kasi ya mita 0.8 kwa sekunde kuwa mpaka: asiyeizidi huhesabiwa kuwa mwendo wake umedhoofu. Yaani mita 4 kwa sekunde 5. Sasa tazameni: mzee wa sekunde 5 kamili, kidole kikichelewa nusu sekunde kusimamisha saa, anasomeka 0.73, kikiwahi kwa kiasi hicho, 0.89. Mpaka umevukwa na kidole tu! Basi apimwe mara 2, ichukuliwe ile ya kasi zaidi, na anayebonyeza asiwe mzee mwenyewe.

Pembeni ya namba andikeni kimo cha kiti, mikono ilikuwa wapi, simu ilikaa wapi, alivaa viatu gani, kama alishika mkongojo. Mwezi ujao rudieni vilevile, saa ileile. Mtu mmoja asimame karibu naye muda wote, na akilalamika kizunguzungu au maumivu ya kifua, kipimo kisimame papo hapo.

Wataalamu wa tiba ya viungo,
Dar es Salaam