Wimbi la maporomoko lipimwe mapema

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie habari yenu kuhusu maporomoko ya ardhi. Wengi wetu hapa Dodoma tunadhani tsunami huletwa na matetemeko tu. Sivyo. Desemba 22, 2018, ubavu wa volkano ya Anak Krakatau, Indonesia, uliporomokea baharini usiku na kuzusha tsunami. Watu zaidi ya 400 walikufa bila kupata onyo, kwa kuwa mitambo ya kutoa onyo ilikuwa ikisubiri tetemeko.

Nilifika Katesh, mji ulio chini ya Mlima Hanang, siku chache baada ya maporomoko ya tope ya mlima huo ya Desemba 3, 2023. Mlango wa duka moja ulikuwa umezibwa na magogo na mawe hadi usawa wa kitasa. Je, tope kama lile likishukia ziwani? Milima ya Livingstone inateremka kwa ukali hadi Ziwa Nyasa, na vijiji viko ufukweni.

Ukiipa kompyuta mwinuko wa mteremko, ujazo wa mawe na kina cha maji, inakokotoa kimo cha wimbi na dakika litakazotumia kufika kijijini. Naiomba Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao yake hapa hapa Dodoma, ishirikiane na Chuo Kikuu cha Dodoma kuianza kazi hiyo Nyasa, na ramani zake wakabidhiwe wenyeviti wa vijiji.

Msomaji wenu,
Dodoma