Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ukaguzi wa Lebo

Ndugu wanachama,

Hesabu mnazo mikononi na mweka hazina atazieleza, kwa hiyo sitazigusa. Maonyesho yalifanyika, ada zinaingia, na mvua zilijaza matangi. Hakuna aliyelazimika kuinywesha mimea yake inayokula wadudu maji ya bomba, ambayo chumvi zake huidhuru. Nafasi yangu naitumia kwa jambo lililozua maneno mengi kuliko yote mwaka huu.

Mkutano mkuu uliopita uliagiza kila mmea unaofika kwenye meza ya kubadilishana ukiwa na jina la kaltiva ukaguliwe. Kaltiva, kwa wageni wetu, ni mmea uliochaguliwa na mkuzaji kwa sifa zake, ukapewa jina, na maelezo yake yakachapishwa. Msajili wa majina hayo kwa mimea inayokula wadudu, tangu 1998, ni chama cha kimataifa cha ICPS. Kamati ililinganisha kila mmea na maelezo yake ya kwanza, si na picha za wauzaji.

Ugomvi mkubwa ulihusu 'Akai Ryu', ile Dionaea (mmea wa mitego inayojifunga) nyekundu mwili mzima ambayo jina lake lilichapishwa 1996. Kadhaa kati yenu mlileta miche iliyooteshwa kwa mbegu zake, nayo imebeba jina la mama. Ni miche mizuri, mingine inampita mama. Lakini mbegu huchanganya sifa upya, na jina hili linafuata mmea uliogawanywa, kipandikizi au mche wa tishu, yaani uliokuzwa maabara kutoka kipande cha mmea wenyewe. Tumeiandika “Dionaea nyekundu, mche wa mbegu”. Waliosema rangi inatosha, naomba waiweke 'Akai Ryu' kivulini waone inavyorudi kijani, kisha waanike Dionaea ya kawaida juani waone mitego inavyoiva wekundu kwa ndani. Picha ya simu haitoshi kuamua kesi hiyo.

Pinguicula, mimea inayonasa wadudu kwa majani yanayonata, zilileta swali lake. 'Weser' na 'Sethos' ni ndugu: zote zimetoka kwa P. moranensis na P. ehlersiae. Kwa majani pekee sijaona anayezitofautisha kwa uhakika, ingawa wanaodai kuweza hawakosekani. Ua ndilo linalosema: 'Sethos' ina nyota nyeupe katikati, 'Weser' ina mishipa iliyosukana kama wavu kwenye petali. Basi zote zinakaa bila jina hadi zichanue.

Sarracenia 'Tarnok' haikutusumbua. Ni S. leucophylla, mmea wenye majani ya mtungi yanayonasa wadudu, iliyopatikana Alabama, Marekani, na ua lake ni fungu la petali lisilo na viungo vya uzazi. Halitoi mbegu kabisa. Mwenzetu aliyenunua pakiti ya “mbegu za Tarnok” ameuziwa kanyaboya, na pole zetu anazo.

Nepenthes, zile zenye mitungi inayoning'inia kwenye ncha za majani, si suala la kaltiva, ila kosa ni lilelile. Nyingi zinazouzwa madukani kama N. alata ni chotara N. × ventrata. Hili msilichukulie kama ubishi wa wataalamu tu. Nepenthes zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na N. rajah na N. khasiana zimo katika ile kali zaidi. Kibali cha kuvusha mmea mpakani huandikwa kwa jina, na jina likikosewa mzigo unaweza kuzuiliwa.

Nimelalamikiwa kwamba kamati imeshusha bei ya mimea ya watu. Imeshusha, na sioni sababu ya kuomba radhi: mnunuzi wa mwakani naye ni mwanachama.

Kamati inaleta pendekezo moja. Kila mmea wa mezani uje na kadi inayosema ulitoka kwa nani, mwaka gani, na ulizalishwaje. Usio na kadi uandikwe “asili haijulikani”, hata kama sote tunaukisia. Kukisia ndiko kulikotufikisha hapa.

Kura itapigwa baada ya chai. Kamati ya lebo inahitaji watu wawili, mmoja wao awe na kamera inayoweza kupiga ua kwa karibu.

Mwenyekiti