Kwa nini darasani kwetu kuna mfuko wa mchele

Bosi mmoja anayetuletea mafundi wake wa Kichina alipita mlangoni katikati ya kipindi, akamkuta mwalimu kapanda juu ya kiti na mfuko wa mchele wa kilo 5 mikononi. Akauachia. Puu! Darasa zima likainama kuandika. Jioni akatupigia simu: “Mwalimu, hao nimewalipia wajifunze Kiingereza au wapike pilau?”

Ana haki ya kuuliza. Mafundi wale kazi yao ni kuandika ripoti za mashine kwa Kiingereza, na karibu kila hitilafu waliita “bang”. Sasa “bang” ni mlio wa bunduki, au mlango uliobamizwa na upepo. Anayeisoma ripoti akiwa mbali anadhani kitu kimelipuka, kumbe ni giaboksi inayogonga kila gia inapoingia, chuma kizito kwa chuma. Hiyo Kiingereza inaiita “clunk”. Mfuko wa mchele sakafuni ni “thud”: mlio mzito, mfupi, usio na mwangwi. Ngumi juu ya meza ni “thump”, na moyo wa mtu aliyeshtuka nao hupiga hivyohivyo. Rula bapa ikichapa daftari ni “thwack”. Rula tunayo pia, imeshavunjika mara mbili.

Si kwamba Kichina hakina maneno ya milio, kinayo tele. Ila “peng” peke yake inabeba mlango, bunduki na hata mtu aliyeanguka. Halafu kuna mpangilio wa sentensi, na hapa ndipo wanapokwama hasa. Mchina husema “peng de yi sheng”, yaani kwa mlio mmoja wa peng, kisha ndipo aseme kilichotokea. Sisi nasi tuko karibu naye: gunia limeanguka puu, mtoto katumbukia chubwi. Kitenzi kina kazi yake, mlio una yake. Kiingereza kinavimeza vyote viwili, “the sack thudded”, na mlio wenyewe unageuka kitenzi, unanyambuliwa kama kitenzi kingine chochote. Fundi anayetafuta kwanza neno la kuanguka, kisha neno la mlio, hafiki hapo hata akikariri kamusi nzima.

Mkia wa neno nao husaidia. “Thump”, “bump” na “dump” zina uzito ndani yake. “Whack”, “smack” na “crack” zinakata kwa ukali. Usiifanye sheria lakini, maana “jump” ina mkia uleule na haina uzito wowote.

Matamshi ni kasheshe nyingine. Kichina sanifu hakina th, na silabi yake haiishii kwa d wala p, kwa hiyo “thud” hutoka “sade”. Wasaidizi wao Waswahili wanaokaa nao darasani th wanayo tangu utotoni, si wanahesabu thelathini? Wao hunaswa mwishoni: “thampu”. Tunawaketisha wawiliwawili, Mswahili amfundishe mwenzake kutoa ulimi, kisha wote wawili tunapambana nao waiache hiyo irabu ya mwishoni.

Kipindi cha milio ni Alhamisi jioni. Kama mashine yako ina mlio usioujua jina, irekodi kwenye simu uje nayo, tutaisikiliza pamoja na kuiandikia sentensi ya ripoti. Na mfuko ukipasuka, pilau tunapika kweli.