Mwanzia, hiyo kamera ya kuskia tu tuachane nayo

Mwanzia ndugu yangu, salamu za haraka, mama asalimiwe. Shiru anauliza ile sufuria yake utarudisha lini, hapo mimi siingii.

Sasa ile meseji yako ya saa sita usiku, ati tusinunue ile kamera ya filamu, Mamiya 7, tungoje kwa sababu umeskia kuna renjifainda mpya (ile kamera unafokasi kwa kulinganisha vipicha viwili ndani ya dirisha) ya filamu ya 120, ile roli pana, inakuja. Nimelala na hiyo maneno siku tatu. Sitakudanganya, hata mimi moyo uliruka. Lakini nani ataitengeneza? Moja ya zile za mwisho za maana ilikuwa ile ya Fuji ya kukunja, GF670, ilitoka 2009, kwingine ikauzwa kama Voigtländer Bessa III, halafu wakaiacha. Usiniambie Leica walirudisha renjifainda yao ya zamani, M6, mwaka wa 2022, wale hawakuwahi kuacha kutengeneza kamera za filamu, mashine na mafundi walikuwa nao. Na Pentax 17 ya 2024 tulishangilia sana, lakini angalia vizuri, ni nusu fremu, yaani kila picha ni nusu ya ile ya kawaida, na fokasi unakadiria kwa vipicha vya mlima na watu. Kazi ngumu waliiruka.

Na kazi yenyewe ni ngumu kweli. Ndani ya renjifainda ni vidude vya mkono na magurudumu madogo, lenzi ikisogea, kale kapicha ka katikati lazima kasogee nayo sawasawa, na kwa negativu kubwa ya 6x7, sentimita sita kwa saba kama ya Mamiya, ukikosea kidogo tu jicho la bibi harusi linakuwa ukungu.

Kama kweli inakuja basi naiona hivi: lenzi moja isiyotoka, plastiki kibao, na bei ya ploti Kitengela. Wakitoa 6x6, picha kumi na mbili kwa roli, nitanyamaza. Wakitoa 645, ile ndogo ya sita kwa nne na nusu... wacha tu.

Lakini pia Mamiya inanipa wasiwasi, na sijasahau ile harusi Machakos, usianze. Ndio, roli nzima na kifuniko kiko kwa lenzi, picha kumi zote giza, na mita ya mwanga inaniambia mwanga uko sawa kwa sababu inasomea kule kwa dirisha la kuangalia, haipitii kwa lenzi. Babu alicheka mpaka akamwaga soda. Hiyo ni makosa yangu, sawa. Shida ni kwamba ile kitu ni ya umeme, betri ikikufa shata, ile ya kufungulia mwanga uingie, pia imekufa, na waya zake zikiharibika tutapeleka wapi? Niliuliza yule mzee fundi wa kamera wa River Road, yule wa ngazi za nyuma, akaniambia springi na chuma nitakufungulia hata leo, lakini ya waya usiniletee, kijana, nitakukosea bure.

Ndio maana nakuandikia. Kuna jamaa Ngara anauza Fuji GW690. Hiyo kubwa mbaya, wenyewe wanaiita Leica ya Texas. Haina betri, haina mita, ni lenzi ya milimita 90 peke yake, picha nane tu kwa roli na kila moja ni 6x9, ukubwa wa kuaibisha. Nimeishika. Ukifyatua inalia kama mlango wa friji, kwa mazishi utafukuzwa. Lakini kale kapicha kako sawa, nilijaribu na mabango ya upande ule mwingine wa barabara, na mzee amesema akiletewa ataifungua. Bei yake inaingia kwa zile pesa tuliweka na inabaki ya filamu.

Jamaa amenipa mpaka Ijumaa, na kuna mtu wa Westlands anampigia simu kila siku, ama ndio maneno ya wauzaji, sijui.

Kwa hivyo niambie: hiyo kamera mpya ulisikia kwa nani hasa, ni Achieng tena? Kwani amewahi kuwa sawa hata mara moja? Unaweza kaa miaka mingapi ukingoja? Mita yako ya mkono bado inafanya kazi ama ilianguka na ile pikipiki? Na ukikubali, nikiinunua, itakaa kwangu ama kwako huko Kisumu? Jibu kabla ya Alhamisi usiku, na usijibu na emoji.

Kimeu