Kwa mpwa wangu, ambaye gitaa lake limegeuziwa ukutani

Mpwa wangu mpendwa,

Shikamoo yako nimeipata kupitia kwa mama yako. Marahaba. Simu zangu hupokei, na sikulaumu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Naandika hadharani kwa sababu si wewe peke yako. Wako wengi walioungua, waliovunjika au waliokatwa na mashine, ambao kabla ya hapo mikono yao ilikuwa inaimba. Nao wasome.

Kwanza nikuombe radhi. Siku ile hospitalini, mkono wako wa kushoto umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, nilikwambia: "Utapona, utapiga kama zamani." Nilisema kwa sababu nilishindwa kukaa kimya. Ncha za vidole zikishakatika hazioti tena, na nilikuwa nalijua hilo hata wakati maneno yananitoka. Uliniangalia, ukageukia upande wa pili. Nadhani pale ndipo uliponifungia mlango, na haki yako. Hutapiga kama zamani, mwanangu. Nalirudisha neno langu.

Sasa nikusimulie habari za mkono wa mtu mwingine. Muziki wake umeusikia kwangu tangu ukiwa mdogo, ila sidhani kama niliwahi kukueleza anaupigaje. Ni Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1948 mjini Birmingham, Uingereza, mtoto pekee wa familia yenye asili ya Italia. Alikulia Aston, mtaa wa viwanda, na wazazi wake walikuwa na duka. Ala yake ya kwanza ilikuwa kodiani. Alitamani ngoma, lakini nyumbani hakuna aliyetaka kelele hizo, basi akachukua gitaa. Yeye ni wa mkono wa kushoto: anapiga nyuzi kwa kushoto na kuzibana kwenye shingo ya gitaa kwa kulia. Hilo la mkono wa kulia likae kichwani mwako.

Alipofika miaka 17 alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kiwandani. Bendi moja ilikuwa imemchukua, safari ya Ujerumani iko mbele yake, na alikwisha kuaga kazini. Ilikuwa siku yake ya mwisho. Mchana alirudi nyumbani kula akamwambia mama yake kwamba harudi tena kule. Mama akakataa: kazi humalizwa vizuri. Akarudi. Mfanyakazi wa mashine ya kukandamiza bati hakuja siku hiyo, naye akawekwa pale, kwenye mashine asiyoizoea. Ikashuka juu ya mkono wake wa kulia. Akauvuta ghafla, kama ambavyo mtu yeyote angeuvuta, na ncha za kidole cha kati na cha pete zikabaki kwenye chuma.

Nimewahi kumfikiria sana yule mama. Najua dada yangu naye halali vizuri tangu ajali yako, kwa kuwa ndiye aliyekuamsha asubuhi ile uwahi kazini. Hajakwambia. Nakwambia mimi.

Madaktari walimwambia Iommi asahau gitaa. Akakaa nyumbani, amejiinamia. Akaja kumtembelea msimamizi wake wa kiwandani, na mkononi ana santuri. Iommi hakutaka kusikiliza muziki wowote. Msimamizi akasisitiza, santuri ikawekwa, na baada ya kusikiliza akaambiwa: huyu unayemsikia anatumia vidole viwili tu. Alikuwa Django Reinhardt, mtu wa Waroma, ile jamii ya kuhamahama ya Ulaya, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1910. Mwaka 1928 gari lake la kuishi lilishika moto, akaungua, na kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto vikapooza. Akajifunza upya kupiga solo kwa cha shahada na cha kati, na kufikia mwaka 1934 alikuwa Paris na bendi ya Quintette du Hot Club de France, pamoja na mpiga fidla Stéphane Grappelli, wakipiga jazi ambayo wapiga gitaa wenye vidole vyote mpaka leo huipata kwa jasho.

Sasa tuje kwenye sehemu ninayotaka uisome polepole.

Iommi alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Akaiyeyusha, akaifinyanga tonge dogo, na ilipopoa akalitoboa kwa chuma cha moto ili ncha ya kidole iingie. Ikawa kastabani, kama ile ya mshonaji. Kisha akakaa na msasa saa nyingi, anasugua, anavaa, anajaribu, anavua, anasugua tena, kwa sababu ikiwa nene hukamata nyuzi mbili kwa mpigo, na ikiwa nyembamba kidole kinauma. Ilipokaa sawa, plastiki ikawa inateleza kwenye waya. Akatafuta ngozi. Akajaribu za kila namna, mwishowe akakata kipande kwenye jaketi kuukuu la ngozi, akakigundisha juu ya plastiki, akakisugua mpaka kikang'aa na kuwa kigumu kiasi. Hapo uzi ukashikika.

Bado hakuwa anausikia uzi. Kidole chenye ngozi yake kinajua kimekanyaga wapi na kwa nguvu gani. Plastiki haijui. Alilazimika kulitegemea sikio: abane, asikilize, aongeze au apunguze. Mtu aliyekwisha kujua gitaa akaanza tena kulitafuta kama kipofu anayejifunza chumba kipya.

Tena nyuzi zenyewe za wakati ule zilikuwa nene na ngumu. Kuvuta uzi kwa kastabani kulimuumiza. Alizifuata kampuni za nyuzi, zikamwambia nyembamba hakuna atakayezinunua. Basi akachukua nyuzi za banjo, akazifunga mahali pa zile mbili nyembamba za gitaa, na nyingine akazisogeza chini, kila moja ikikaa mahali pa iliyo nene kuliko yenyewe. Baadaye akagundua njia nyingine: kulilegeza gitaa lote. Kwenye albamu ya tatu ya Black Sabbath, Master of Reality ya mwaka 1971, nyimbo kadhaa zimeshushwa nusu toni tatu, yaani hatua tatu ndogo chini ya mlio wa kawaida wa gitaa. Uzi ukilegea unakubali kuvutwa. Na ukilegea, mlio wake unakuwa mzito, wa chini, kama kitu kikubwa kinachoburutwa sakafuni.

Kodi za gitaa, yaani noti (sauti) kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, nazo zilimletea shida. Kodi kamili zinazotaka vidole vinne vilivyotulia mahali pake, nyingi hakuziweza tena. Akabaki na zile za noti mbili, noti ya msingi na ya tano yake, akawa anazitikisa kidogo ili zijaze chumba. Ukizipitisha kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka mwisho, noti mbili hizo zinasimama wima, ilhali kodi kamili ingegeuka uji. Vijana wengi waliomfuata walidhani alichagua hivyo kwa kupenda ukali tu.

Watu hupenda kusema kwamba ajali ile ndiyo iliyozaa muziki wa metali, hiyo roki nzito yenye magitaa makali. Mimi kauli hiyo siipendi. Mashine haikumpa kitu, ilimnyang'anya. Kilichozaa sauti ile ni msasa, ngozi ya jaketi na nyuzi za banjo. Ni kijana aliyeacha kuudai mkono wake wa zamani, akaanza kulibadilisha gitaa likaufuata mkono alionao. Yeye mwenyewe amewahi kusema kwamba pengine ingekuwa rahisi zaidi kugeuza, abane kwa kushoto na kupiga kwa kulia. Alikuwa amekwisha kupiga miaka kadhaa, hakuwa na subira ya kuanza sifuri. Nalitaja hili kwa sababu wewe bado una njia zote mbili, na sitaki kukuchagulia.

Mengine ya maisha yake nitayapitia haraka. Mwaka 1968, yeye, Bill Ward kwenye ngoma, Geezer Butler kwenye besi na mwimbaji Ozzy Osbourne, wote watoto wa Aston, walianzisha bendi. Mwishoni mwa mwaka ule Iommi alienda kwa muda mfupi kwenye bendi nyingine, Jethro Tull. Alichorudi nacho kilikuwa utaratibu: aliona wenzake kule wakianza mazoezi asubuhi kama watu wa ofisini, akarudi nyumbani na kuwaamsha wenzake mapema. Jina la bendi yao likabadilika kutoka Earth kuwa Black Sabbath. Albamu ya kwanza waliirekodi kwa siku moja, Oktoba 1969. Siku hiyo gitaa lake la Stratocaster liliharibika pikapu, kile kifaa kinachonasa mlio wa nyuzi, baada ya wimbo mmoja, akachukua la akiba, Gibson SG, na tangu hapo SG likawa kama kiungo chake. Albamu ilitoka Ijumaa, tarehe 13 Februari 1970.

Sikiliza wimbo unaofungua albamu hiyo, ule wenye jina la bendi. Mvua, kengele, kisha noti tatu: ya kwanza nzito, ya pili ni hiyohiyo oktavu moja juu yake, ya tatu inakuja mahali ambapo sikio halikuitarajia, naye anaitetemesha. Haraka haina nafasi pale. Nilipousikia mara ya kwanza nilizima taa nikaurudia. Leo ninapousikia nawaza ngozi ya jaketi ikiwa imekandamiza uzi.

Wahakiki wa wakati ule waliwaponda. Wanunuzi hawakujali. Miezi saba baadaye ikatoka Paranoid, ikashika namba moja Uingereza. Wimbo wenye jina hilo uliandikwa kwa dakika chache mwishoni mwa kurekodi, kwa sababu albamu ilikuwa fupi na palihitajika kitu cha kujazia. Umaarufu ukaja na kokeini, na kokeini ikala fedha, usingizi na urafiki. Hilo sikufichi, na usiige. Mwaka 1979 Ozzy alifukuzwa. Akaja Ronnie James Dio, wakatoa Heaven and Hell mwaka 1980, kazi ambayo mimi naipenda kuliko wengi wanavyokubali. Baadaye waimbaji wakapishana, miaka mingine ikawa mikavu. Waliingia na kutoka, na mtu pekee aliyekuwemo tangu mwanzo hadi mwisho ni huyo mwenye kastabani.

Januari 2012 ikatangazwa kwamba ana saratani ya limfu. Walikuwa wanajiandaa kurekodi tena na Ozzy. Badala ya kusimamisha kazi, waliihamishia Uingereza alipokuwa anatibiwa, na ziara zikapangwa kufuata ratiba ya hospitali. Albamu yao, 13, ikatoka Juni 2013 na kushika namba moja Uingereza na Marekani. Unaona, ni yuleyule wa msasa: hawezi kuiamuru hali, anapanga kazi kuizunguka. Tarehe 4 Februari 2017 walifunga ziara yao ya mwisho nyumbani, Birmingham. Na tarehe 5 Julai 2025 wale wanne wa mwanzo wakasimama pamoja tena, uwanja wa Villa Park, palepale Aston, Ozzy akiimba amekaa kitini kwa maradhi. Siku kumi na saba baadaye Ozzy akafariki. Niliangalia picha za usiku ule, na macho yangu hayakwenda kwa umati. Yalitafuta mkono wa kulia wa mzee wa miaka 77, na vile vikofia viwili kwenye vidole.

Basi nikwambie nilichofanya, usikasirike. Wiki iliyopita nilikuja kwenu ukiwa umetoka. Nililikuta gitaa nyuma ya kabati, uso wake ukutani, nyuzi zimeshika kutu. Nimeomba ruhusa kwa mama yako, nikalichukua. Nimelisafisha shingo, nimeondoa nyuzi zote, nimefunga nne mpya, nyembamba kuliko ulizokuwa unatumia. Nimezishusha nusu toni tatu. Nikibonyeza uzi kwa kidole kimoja unazama kama hauna kazi.

Nyuzi mbili za mwisho sijafunga. Hizo nataka tuzichague pamoja, kwa sababu sijui kidole chako cha pete kinastahimili nini, na cha kati bado kina ule uchungu ukikigusa. Nimekata vipande vitano vya ngozi kwenye mkoba wangu wa zamani wa kazini, kila kimoja unene wake. Plastiki ninayo, msasa ninao, namba tatu tofauti.

Nakuja Jumamosi asubuhi. Usiuweke mkono mfukoni nikifika, nahitaji kuupima.

Mjomba wako