Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Fairmount

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu hakikufanya mengi. Kubwa lilikuwa ziara zetu kwenye mtambo wa zamani wa maji wa Fairmount, hapa Philadelphia, kando ya mto Schuylkill.

Wengi wetu tulikuwa tukiyapita majengo yale yenye nguzo kama za mahekalu ya Wagiriki, tukidhani ni ya jumba la makumbusho la kilimani. Kumbe kilima chenyewe ndicho kilichobeba mahodhi ya maji ya mji. Homa ya manjano ya 1793 iliua watu wapatao 5,000, na mji ukaanza kuhangaikia maji safi. Mtambo wa kwanza ulijengwa katikati ya mji. Huu wa Fairmount, kazi ya Frederick Graff, ulianza 1815 kwa injini za mvuke. Zilikula kuni bila kushiba, na boila zililipuka zikaua watu. Ndipo mto ukazibwa kwa ukuta, na kuanzia 1822 nguvu ya mto ikazungusha magurudumu ya kupandisha maji kilimani.

Viwanda viliuchafua mto, mtambo ukafungwa 1909. Jengo likawa nyumba ya samaki hadi 1962, baadaye bwawa la kuogelea. Tangu 2003 ni kituo cha kufundisha habari za maji, nami naona hapo ndipo jengo lilipopata kazi inayolistahili. Kuta zingeweza kutunzwa kwa shughuli yoyote. Kumbukumbu ya maji isingebaki.

Mle ndani wanalea kome wa mtoni, kwa kuwa kome huchuja maji. Watoto wetu waliinama kwenye tangi, wakawaona wamefunua magamba kiasi cha uzi tu, wametulia, kumbe wako kazini. Mama mmoja aliyekulia kwenye foleni za ndoo alisimama pale hadi tukamfuata.

Ziara ya kwanza ilivurugika: basi tulilolipia halikutokea, na wazee walisimama kwenye baridi saa nzima. Nawaomba radhi. Fedha imerudishwa.

Mafuriko ya Septemba 2021 yaliingia ndani ya kituo kile, na mto ungali pale pale mlangoni. Kwa hiyo kamati inapendekeza sehemu ya michango ya mwaka ujao iende huko. Hesabu mtasomewa na mweka hazina, kisha tupige kura.